Redio ya Betri na Masikio ya Nyumba Nzima

Juma lililopita mtoto mmoja alikuja ofisini kwetu parokiani kuchukua cheti chake cha ubatizo. Alipokuwa akingoja niandike, aliona juu ya kabati redio kuukuu, yenye mkono wa kuibebea na eriali iliyopinda. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma, kisha akauliza: "Baba, picha yake hutokea wapi?" Nilicheka. Lakini alipokwisha kuondoka nilikaa nikifikiri. Chombo kilichotulea sisi, tuliokuwa watoto jana tu, kimekuwa kigeni kwa watoto wetu wenyewe.

Wasomaji wapenzi, habari za ngoma za kale na za watawala wa Karagwe zimeandikwa, na ni vema. Mambo ya jana ndiyo yasahaulikayo upesi, maana hakuna ayahesabuye kuwa historia. Basi leo tukumbuke pamoja redio ya betri, kama ilivyokuwa Karagwe miaka ya 1990, wakati Kyerwa ilipokuwa bado sehemu ya wilaya hiyo. Kyerwa ilipata kuwa wilaya mwaka 2012.

BETRI JUANI

Redio ilinunuliwa msimu wa kahawa. Baba akishauza kahawa yake, alilipa madeni, alinunua nguo za shule, na kama kilisalia kitu, ndipo alipoleta redio toka Omurushaka au Kayanga. Umeme haukuwapo vijijini, kwa hiyo uhai wa redio ulikuwa betri. Betri za National, zilizotengenezwa Dar es Salaam katika kiwanda cha Wajapani cha Matsushita, tulizijua kama tulivyowajua ndugu zetu.

Kazi ya watoto ilikuwa kuzianika. Sauti ya redio ilipoanza kuwa kama ya mtu asemaye ndani ya mtungi, mama alituita: "Anikeni betri!" Nasi tukazipanga juu ya jiwe, kando ya kahawa, na jioni redio ikasema tena kwa muda mfupi. Je, jua liliongeza nguvu mpya? La. Ndani ya betri ile mna kopo la zinki, unga mweusi na kijiti cha kaboni, na umeme wake hutokana na dawa hizo zinapoliwa polepole. Joto huichangamsha ile iliyosalia, lakini haliwezi kuirudisha iliyokwisha. Tulikuwa tukikwangua chungu tu.

Wengine walizifunga betri nyingi zilizochoka ndani ya gazeti lililoviringishwa, wakaziunga kwa waya nyuma ya redio. Betri iliyokufa kabisa ilipasuliwa. Kijiti chake tuliandikia, na unga wake ukapakwa ubao wa shule upate kuwa mweusi. Leo nisingependa mtoto auchezee unga huo, kwa kuwa unadhuru mwili, lakini ndivyo tulivyofanya.

Kwa sababu betri zilikuwa ghali, redio haikufunguliwa ovyo. Ilifunguliwa kwa taarifa ya habari, kwa matangazo ya vifo, kwa salamu na kwa mchezo, kisha ikafungwa. Na kwa kuwa ilifunguliwa kidogo, wote walikuja: wa nyumba hii na wa vibanja vya jirani, kila mmoja na kigoda chake.

MAJINA YETU HEWANI

Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, na mwaka 1965 kituo kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwetu huku mpakani sauti yake ilipanda na kushuka kama mawimbi, na mara nyingi vituo vya Rwanda na Uganda vilisikika safi zaidi. Hata hivyo tuliingoja, hasa kwa ajili ya kadi za salamu.

Kadi ilinunuliwa dukani. Uliandika jina lako, majina ya wale uwasalimuo, wimbo uutakao na ujumbe mfupi, ukaipeleka posta. Majuma yalipita. Kadi nyingi hazikusomwa kabisa. Lakini siku mtangazaji alipotamka jina la mtu wa Kaisho au Nkwenda, na nchi nzima ikisikia, mtu huyo alitembea siku nzima kama bwana arusi. Twaweza kulicheka jambo hili leo. Lakini mtoto wa Murongo, ambaye hajapata kuuona hata mji wa Bukoba, alijua siku ile kwamba yeye naye yumo katika hesabu ya taifa.

SIKU MKWAJU ALIPOUGUA

Sasa nitaje jambo zito zaidi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu Kagera. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo za mtindo zilizoletwa na wachuuzi toka Uganda. Tulipokuwa watoto, makaburi mapya yalikuwa katika vibanja vingi. Tuliona wakubwa wetu wakikonda. Tulipouliza, tuliambiwa ni malaria, au wamerogwa, au tuliambiwa tunyamaze. Nyumbani kwetu jina la ugonjwa halikutajwa.

Redio ndiyo iliyolitaja. Mwezi wa Julai 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo uitwao Twende na Wakati, uliosikika mara mbili kila juma. Humo alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori, mwenye wanawake njiani huku mkewe Tunu akihangaika nyumbani na watoto. Tulimcheka sana Mkwaju, mpaka alipougua.

Nakumbuka jioni moja ya siku zile. Mama mdogo, ambaye mumewe tulikuwa tumemzika miezi michache nyuma, aliinuka kimya akaenda jikoni. Mdogo wangu akauliza kwa sauti: "Huyu anaumwa kama baba mdogo?" Tulingoja apigwe. Bibi alifunga redio kwanza, betri zisiishe, kisha akasema: "Ndiyo, mjukuu wangu. Kama yeye." Usiku ule ndipo tulipoanza kuambiwa ukweli, na tangu hapo tuliweza kuuliza.

Wataalamu waliuchunguza mchezo huo. Tangu 1993 hadi 1995 haukurushwa katika eneo la kituo cha Dodoma, ili wapate kulinganisha. Waliona kwamba penye mchezo huo watu walipunguza idadi ya wapenzi wao, na tena mume na mke, na rafiki na rafiki, walizungumza zaidi juu ya mambo hayo. Naam, hivyo ndivyo ilivyokuwa uani kwetu. Redio ilisema nusu saa tu; mazungumzo yaliendelea baada ya kufungwa.

NG'AMBO YA MTO

Lakini tusiisifu redio kupita kiasi. Mwezi ule ule wa Julai 1993, ng'ambo ya Mto Kagera, redio iitwayo RTLM ilianza kutangaza mjini Kigali. Mwaka 1994 ilichochea mauaji ya Watutsi, hata ikitaja watu kwa majina ili wawindwe. Mto Kagera ukaleta maiti, na wakimbizi wakajaa Karagwe hadi mwisho wa mwaka 1996. Kwetu kutajwa jina redioni kulikuwa heshima. Kule kulikuwa hukumu ya kifo. Mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha huko Ngara Radio Kwizera, na jina hilo maana yake ni kutumaini. Chombo ni kile kile. Yatupasa kujua ni nani asemaye, na kuwa na mtu wa kumwuliza kama asemayo ni kweli.

NA LEO JE?

Yule mtoto alirudi Jumamosi. Niliitia redio betri mpya, tukasikiliza habari pamoja. Baadaye akauliza: "Sasa ninyi mlikuwa mkitazama nini?" Nikamwambia tulikuwa tukitazamana. Aliona ni mchezo wa ajabu.

Sisemi turudie kuanika betri. Umeme umefika vijiji vingi, na simu yaweza kumwokoa mama mjamzito usiku wa manane. Lakini zamani uhaba ulitukusanya tupende tusipende. Sasa vyombo ni vingi, na kila mmoja ana chake sikioni. Mtoto wa darasa la sita husikia mambo mazito kuliko yale ya Mkwaju, naye yuko peke yake ndani ya blanketi, bila bibi wa kumjibu.

Basi wazazi, jaribuni jambo hili dogo. Chagueni jioni moja katika juma. Wekeni redio moja, au simu moja, juu ya kigoda katikati ya nyumba, na sauti isikike kwa wote. Sikilizeni kipindi kimoja tu, kisha fungeni. Mwacheni aliye mdogo kuliko wote aulize kwanza. Akiuliza neno linaloumiza, msimkemee. Mjibuni kweli, kama bibi yetu alivyotujibu.