Mswaki bila kioo: somo la kinywa kwa watoto wasioona wa delta

Somo la usafi wa kinywa shuleni huanzia machoni. Mwalimu anabandika bango, anaonyesha jino zima na jino lililotoboka, kisha anainua mswaki juu na kusema, "Fanyeni hivi." Kwa mtoto asiyeona, hiyo "hivi" haipo. Anasikia wenzake wakicheka picha ya jino bovu, kengele inalia, somo limekwisha. Fizi zake zikija kutoa damu, wakubwa husema ni kwa kuwa haoni. Si kweli. Hata sisi wenye macho, magego ya nyuma tunayasafisha kwa kupapasa tu, na hakuna anayetuonea huruma.

Tatizo hili ni zito zaidi huku delta ya Rufiji. Vijiji vya visiwani kama Mbwera, Maparoni na Kiongoroni, wilayani Kibiti, hufikiwa kwa boti kupitia mikoko, na safari hufuata maji kujaa na kupwa. Shule zenye uzoefu wa kulea wasioona ziko mbali: Buigiri, iliyoanza mwaka 1950, iko Dodoma, Irente iko Lushoto, Uhuru Mchanganyiko, iliyo karibu kidogo, iko Dar es Salaam. Kwa mtoto aliyebaki kisiwani, mwalimu wa kupiga mswaki ni mama au bibi. Naye bibi, kwa mapenzi yake, hufanya moja kati ya mawili: anamsafisha mjukuu mwenyewe hadi mtoto anabaleghe bila kujua kushika mswaki, au anamwacha kwa kuwa "masikini, haoni."

Wataalamu wawili wa India, Mamata Hebbal na Anil Ankola, walilivalia njuga jambo hili katika jimbo la Karnataka, na mwaka 2012 wakachapisha mbinu ya kufundisha kwa kusikia, kugusa na kutenda. Kwanza mtoto anaelezwa kwa maneno. Kisha anapewa mfano mkubwa wa meno aushike, atambue kwa vidole vyake upande wa nje, upande wa ndani na sehemu ya kutafunia, huku mwalimu akimshika mkono na kuupitisha mswaki juu ya mfano huo. Halafu zamu inakuja kinywani mwake mwenyewe. Anapitisha ulimi juu ya meno kabla hajayasugua, anahisi ule utelezi mzito wa ukoga. Anasugua meno machache, anapitisha ulimi tena. Tofauti anaisikia papo hapo.

Hapo ndipo penye ufundi wote. Wenzake wanaoona huhitaji kioo, na wakati mwingine daktari huwapaka rangi ya kuonyesha ukoga uliosalia. Mtoto huyu kipimo anacho kinywani, hakimalizi betri wala hakivunjiki. Watoto wale wa India walipofundishwa hivyo, ukoga kwenye meno yao ulipungua.

Nyumbani hakuna mfano wa meno, lakini mkono upo. Mzazi asimame nyuma ya mtoto, amshike mkono ulioshika mswaki, waanze na gego la mwisho la kulia juu na kuzunguka hadi kushoto, kisha chini, kila siku kwa mpangilio uleule ili pasiwe na jino linalorukwa. Dawa ya meno isipakwe kwenye brashi, maana hapo ndipo mtoto huimwaga na kukata tamaa. Aiminye kwenye ncha ya kidole, kiasi cha punje ya kunde, aipake menoni ndipo asugue. Na miswaki ya nyumba nzima isirundikwe kwenye kikombe kimoja. Wa kwake ufungwe uzi kwenye mpini, uwe na mahali pake pasipohamishwa.

Maji matamu visiwani ni ya kuhangaikia, kwa kuwa visima vingi vinaonja chumvi. Bahati nzuri, wataalamu wanashauri kutema povu bila kusukutua sana, ili madini ya floridi yabaki yakilinda meno. Funda moja la maji linatosha.

Kwa nyumba isiyo na brashi ya dukani, mswaki wa mti haujapitwa na wakati. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake tangu mwaka 1986. Kwa mtoto asiyeona una faida ya pekee: ladha yake na nyuzi zake humwambia ulipo. Hauna floridi ya kutosha, kwa hiyo dawa ya meno ikipatikana itumike.

Kuna jambo jingine linaloudhi kulisema. Huruma yetu ina sukari nyingi. Mtoto asiyeona akilia anapewa pipi, wageni wakija wanamletea biskuti, na jioni hakuna anayemkumbusha mswaki.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa watoto hawa haki ya huduma za afya kama wengine. Kwa hiyo ombi kwa halmashauri ya Kibiti ni dogo: boti ya huduma ya mkoba inapokwenda visiwani na chanjo, ipakiwe pia mfano mmoja mkubwa wa meno, na mhudumu aliyefundishwa kuushikisha mkono wa mtoto. Nawe mzazi, usisubiri boti. Anza leo usiku, kabla hajalala.