Filamu mbili za Petzold kwa mkao mmoja

"Barbara" (2012) na "Phoenix" (2014), filamu mbili za mwongozaji Mjerumani Christian Petzold, hunoga zaidi zikionyeshwa jioni moja, kisha mwongozaji akapanda jukwaani kujibu maswali. Ya kwanza ina dakika 105, ya pili 98. Waigizaji wakuu ni walewale, Nina Hoss na Ronald Zehrfeld, na miswada yote miwili Petzold aliiandika kwa kushirikiana na Harun Farocki, aliyewahi kumfundisha katika chuo cha filamu cha Berlin.

"Barbara", iliyompa Petzold tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la Berlin, inatokea Ujerumani Mashariki mwaka 1980. Barbara, daktari aliyeomba kuhamia Magharibi, anaadhibiwa: anatolewa hospitali ya Charité na kupelekwa hospitali ndogo karibu na bahari ya Baltiki. Polisi wa siri, Stasi, wanapekua chumba chake, kisha mwili wake. Petzold, aliyezaliwa 1960 upande wa Magharibi na wazazi waliotoroka Mashariki, hakuipaka nchi hiyo rangi ya majivu kama ilivyozoeleka. Miti inavuma, jua linawaka, na hofu inakaa katikati ya uzuri huo, jambo linaloifanya iume zaidi.

Kuna tukio moja la kutazamwa kwa makini. Katika maabara umetundikwa mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1632, unaoonyesha Dk. Tulp akipasua maiti. André, daktari mwenzake, anamwonyesha Barbara kwamba mkono wa maiti umechorwa kimakosa, kana kwamba umenakiliwa kitabuni. Waliouzunguka mwili wanakitazama kitabu. Ni mchoraji peke yake anayemtazama mtu aliyelala pale. Ndivyo mambo yalivyo hospitalini hapo. Stella, msichana aliyetoroka kambi ya kazi za lazima ya Torgau, anadhaniwa anajifanya mgonjwa, kwa sababu ndivyo anavyojulikana. Barbara anampima na kugundua homa ya uti wa mgongo.

"Phoenix" inalichukua wazo hilo, la kutomwona mtu aliye mbele yako, na kulisukuma hadi mahali pa kutisha. Ni mwaka 1945. Nelly, mwimbaji Myahudi aliyenusurika Auschwitz, amejeruhiwa uso kwa risasi, na madaktari wamemtengenezea mwingine. Anamtafuta mumewe Johnny katika magofu ya Berlin na kumkuta akifanya kazi kilabuni. Johnny hamtambui. Anaona tu mwanamke anayefanana kidogo na marehemu mkewe, anayeweza kumsaidia kuchukua urithi. Anamfundisha kutembea kama Nelly, kuvaa kama Nelly, hata kuandika kama Nelly. Mwandiko unapotoka sawasawa, anashtuka, lakini haulizi. Anataka watu wamwamini kwa gauni jekundu na viatu vya Paris, ingawa hakuna aliyetoka kambini akiwa amevaa hivyo.

Swali ambalo kila mjadala wa "Phoenix" hulifikia ni hili: mume atashindwaje kumtambua mkewe? Wapo wanaoliona ni udhaifu wa hadithi. Hoja hiyo haina uzito ukiwa umetoka kuitazama "Barbara". Johnny alimtaliki Nelly muda mfupi kabla Nelly hajakamatwa. Kumtambua ni kuikubali hatia yake. Anayoitazama ni picha aliyoibeba kichwani, kama wale madaktari wa Rembrandt wanavyokitazama kitabu. Ndiyo maana mpangilio una maana, "Barbara" ikitangulia.

Mjadala na mwongozaji hufaa pia kwa mambo ya kazi yenyewe. Petzold hupenda kupiga picha kwa mtiririko wa hadithi kadiri inavyowezekana, huwaonyesha waigizaji filamu za zamani kabla ya kuanza, na asubuhi hufanya mazoezi nao kabla mafundi hawajaingia. Kwa "Phoenix", kivuli kilicho karibu zaidi ni "Vertigo" ya Hitchcock ya mwaka 1958, ambamo mwanamume humgeuza mwanamke mmoja kuwa mwingine. Petzold na Farocki waliigeuza: safari hii kamera iko upande wa mwanamke. Farocki alifariki Julai 2014, wiki chache kabla filamu haijaonyeshwa kwa mara ya kwanza huko Toronto.