Kemia Ionwe kwa Macho

Mvuvi wa Rukuba anayevusha samaki kuja Musoma anajua jambo moja bila kufundishwa darasani: jua likipanda, samaki huharibika upesi, wakitiwa barafu, hukawia. Jambo hilo hilo mwanawe hulikuta katika masomo ya sekondari, likiitwa kasi ya mmenyuko. Shida ni kwamba mara nyingi mtoto hulikariri tu kutoka ubaoni, asione kwamba ndilo lile alijualo babaye.

Iwe Bweri au visiwani, jaribio la kumfumbua macho halihitaji fahari. Mwanafunzi huchora alama ya msalaba juu ya karatasi, akaweka juu yake bika yenye maji ya sodiamu thayosalfeti, kisha akamimina tindikali ya haidrokloriki iliyozimuliwa na kuanza kuhesabu sekunde. Chembe za salfa hujitenga, maji yakafifia, hata msalaba usionekane tena. Hapo huandika muda uliopita.

Mara ya pili huipunguza thayosalfeti kwa nusu na kujazia maji, ujazo ubaki ule ule: muda hukaribia kuwa maradufu. Mara ya tatu hurudia kipimo cha kwanza, lakini huyapasha maji joto. Joto likiongezeka kwa nyuzi 10, muda hupungua hata kukaribia nusu. Sasa mtoto ameelewa kazi ya barafu ndani ya mtumbwi, wala hatasahau.

Tahadhari ipo. Jaribio hutoa hewa ya salfa inayokera kifua; kwa hiyo madirisha yafunguliwe, na mwalimu awe karibu.

Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa wetu huu, aliandika Elimu ya Kujitegemea, akiikosoa elimu iliyotukuza vitabu na kumtenga kijana na maisha ya watu wake. Onyo hilo bado lina uzito.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa elimu, wanapopanga bajeti, wasihesabu kuta za maabara peke yake. Wahesabu pia chupa za kemikali, vipimajoto, na nauli ya kuvifikisha vitu hivyo ng'ambo ya maji. Jengo lisilo na vifaa ni ghala tupu. Nao wazazi wa visiwani wasione haya kuuliza shuleni: mwaka huu watoto wetu wamefanya majaribio mangapi kwa mikono yao wenyewe?

Maneno matupu hayavunji mfupa.