Uskoti: Mwalimu Alipokuwa Nguzo ya Wafanyakazi

Wapo wanaodhani kwamba siasa za mrengo wa kushoto huzaliwa na njaa pekee. Ati mfanyakazi akikosa mkate, ataasi. Historia ya wafanyakazi wa Uskoti yaikanusha dhana hiyo. Njaa ilikuwako kote Ulaya. Kilichowapa Waskoti sauti kubwa kuliko idadi yao ni elimu waliyojitafutia wenyewe.

Chukua mfano wa Keir Hardie, aliyezaliwa mwaka 1856. Aliingia katika machimbo ya makaa ya mawe akiwa na umri wa miaka 10. Kusoma alifundishwa na mamaye, kisha akajiendeleza katika shule ya usiku. Mwaka 1888 alishiriki kuunda chama cha wafanyakazi cha Uskoti, na mwaka 1900 akawa miongoni mwa waasisi wa chama kinachojulikana leo kama Leba.

Baada yake alitokea John Maclean, mwalimu wa shule jijini Glasgow, aliyewafundisha mamia ya wafanyakazi nadharia za uchumi za Karl Marx baada ya saa za kazi. Mwaka 1915, katikati ya vita, wenye nyumba walipandisha kodi. Akina mama, Mary Barbour akiwa mstari wa mbele, wakakataa kulipa. Kufikia Novemba familia takriban 20,000 zilikuwa zimegoma, na kabla ya mwaka kwisha Bunge likapitisha sheria ya kudhibiti kodi. Maclean, aliyewaunga mkono na kuipinga vita hadharani, alifutwa kazi mwaka uo huo. Baadaye alifungwa zaidi ya mara moja, akafariki mwaka 1923 akiwa na miaka 44 tu.

Msomaji ataniuliza: je, akina mama hao walihitaji vitabu ili wajue kuwa kodi imezidi? La hasha! Lakini kuumia ni jambo moja, na kulitaja likuumizalo ni jambo jingine. Asiye na neno la kuielezea dhuluma huiita majaaliwa.

Hayo aliyaelewa vyema Jimmy Reid. Mwaka 1971, serikali ilipokataa kuviokoa viwanda vya meli vya Mto Clyde, yeye na wenzake hawakuweka zana chini. Waliendelea kuunda meli kwa nidhamu, hadi serikali ikalegeza msimamo mwaka 1972. Mwaka huo Reid, aliyeacha shule akiwa na miaka 14, alisimama mbele ya Chuo Kikuu cha Glasgow, ambako wanafunzi walikuwa wamemchagua kuwa rekta, akafafanua dhana moja: utengwa, yaani hali ya mtu kujiona mgeni katika jamii aijengayo kwa jasho lake.

Wahenga walinena: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Mwaka 2015 wapigakura wengi wa mitaa ya wafanyakazi walikihama chama cha Leba, kikabaki na kiti kimoja kati ya 59 vya Uskoti. Mwaka 2024 kilipata 37 kati ya 57, lakini kura iliyowahi kuhama yaweza kuhama tena.

Walimu wenzangu, Maclean alipoteza mshahara wake, ila darasa lake halikufungwa. Nasi tujiulize: wanafunzi wetu tunawapa maneno ya kuutazamia ulimwengu, au ya kujibia mtihani tu?