Siku 14 Zanzibar? Zigawe fungate mbili!

Wiki hii niacheni niwape yangu ya ndani. Najua wengi mnadunduliza mshiko mwaka mzima ili mkale raha baharini, halafu mnarudi Dar mmenuniana. Msicheke. Mimi yalinikuta, tena ndani ya fungate!

Ilikuwa hivi. Baada ya harusi, mimi na mume wangu tuliamua kujipa siku 14 za mapumziko Zanzibar. Fungate ya watu wa pwani ni siku saba, sisi tukasema tunapiga mbili kwa mpigo. Tukapata nyumba ya kupanga Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Chumba, sebule, jiko, na kibaraza kinachotazama bahari. Mwenye nyumba akataka hela yote mkononi, tukatoa yote. Akiba yetu ikaishia hapo.

Tukapanda boti ya asubuhi, na kama saa tano hivi tukawa tumefika Jambiani. Mume wangu ni mtu wa Tabora, bahari kwake ni jambo kubwa. Akatupa begi, akakimbilia kibarazani. Mara nasikia:

"Mke wangu, bahari iko wapi?"

Bwana wee, bahari haikuwepo! Mbele yetu mchanga mtupu na vidimbwi, ngalawa zimelala ubavu, akina mama wako kule mbali wanahangaika na mwani wao. Mawimbi tuliyaona mbali kabisa, kwenye mwamba.

Siku ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Tukimaliza kunywa chai maji yanaondoka, yakirudi jua linakaribia kuzama. Siku ya nne mzee uvumilivu ukamwishia. Eti mimi ndiye niliyechagua nyumba, mimi ndiye niliyeingizwa mjini. Nikamjibu, "Kwani mimi ndiye niliyeiambia bahari ipwe?" Akampigia simu mwenye nyumba, arudishiwe nusu ya hela tuhamie Nungwi. Jibu lilikuwa fupi: hela imeshatumika.

Usiku ule kila mtu aligeukia ukuta wake. Alfajiri nikafunga begi langu, nia yangu ni boti, nirudi kwa mama. Ndoa haina hata wiki mbili, inataka kuvunjika kwa ajili ya maji kupwa!

Mlangoni nikakutana na mama wa nyumba ya jirani, mtu mzima, mkulima wa mwani.

"Mwanangu, na begi saa hizi? Mumeo yuko wapi?"

Nikamwagia yote. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Hilo ni bamvu tu, mwanangu. Subirini maji mafu mtaiona bahari."

Nikamwamkia vizuri, nikarudisha begi ndani. Kweli bwana, ilipofika siku ya nane bahari ilikuwa imejaa mpaka saa nne asubuhi, na ilipopwa haikwenda mbali kama mwanzo. Mzee akajifunza kuogelea, mimi nikapata mume wangu tena.

Sasa sikilizeni somo, maana hili watu hulipia hela nyingi bila kulijua. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku inachelewa kwa dakika kama 50 hivi. Ukipiga hesabu, baada ya siku saba ratiba imegeuka. Saa ile iliyokuwa ya kupwa imekuwa ya kujaa. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvu. Unguja maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa huweza kufika karibu mita nne. Mwezi ukiwa nusu ndiyo maji mafu, bahari haina makuu. Kwa hiyo likizo ya wiki mbili lazima ipate bamvu na maji mafu pia.

Pwani ya mashariki, yaani Jambiani, Paje na Bwejuu, imelala ndani ya mwamba na maji yake si marefu, ndiyo maana bamvu likipwa linaacha uwanja. Kaskazini, Kendwa na ule upande wa Nungwi unaotazama machweo, maji hayaendi mbali hivyo. Unaogelea karibu saa zote.

Basi mwaka jana tulipokwenda tena tukagawa. Fungate ya kwanza, ya bamvu, tukapanga fleti Nungwi. Huko ni muziki, watu kibao na mafundi wanaochonga majahazi ufukweni. Fungate ya pili, ya maji mafu, tukahamia Jambiani. Kimya, pweza wa kuchemsha, na yule mama jirani tukamletea zawadi ya kanga. Hatukununiana hata siku moja. Na ukweli wenyewe, siku ya saba tulikuwa tumeshachoka muziki wa Nungwi. Kuhama kulitufaa.

Sidanganyi, kugawa kuna gharama. Punguzo la kukaa muda mrefu unalikosa, chumvi na mafuta unanunua mara mbili, na gari la kuhama ni hela. Kwa hiyo shikeni haya:

Kwanza, angalia mwezi kabla hujaangalia bei. Na ukiambiwa "Nungwi", uliza ni upande gani. Upande wa mashariki wa Nungwi nako maji yanakwenda mbali.

Pili, usilipe nyumba zote mbili kwa mkupuo. Ya kwanza lipa, ya pili toa kianzio kidogo, na makubaliano yawe kwenye maandishi. Mkiahirisha, hela inarudi au hairudi? Sisi hatukuuliza.

Tatu, uliza mambo madogo yanayouma. Umeme wa Tukuza unanunua nani? Gesi ipo? Maji ya bomba ni matamu au ya chumvi? Chandarua je?

Nne, siku ya kuhama ipangie. Nyumba ya kwanza inakutaka utoke asubuhi, ya pili inakupokea mchana, na katikati una mabegi mkononi. Sisi tulipitia mjini. Daladala 116 inakutoa Nungwi, na 309 inakwenda Jambiani. Tukala urojo, tukazunguka Mji Mkongwe, tukanunua samaki na mboga Darajani za kuanzia jiko jipya. Ikawa siku ya matembezi badala ya siku ya kero.

Tano, kijijini si ufukweni. Akina dada, jifungeni kanga mkitoka mchangani, na akina kaka vaeni shati. Ukiheshimu watu utapata jirani, na jirani ndiye aliyeokoa ndoa yangu.

Kama mna siku nne tu, msisumbuke, kaeni sehemu moja. Lakini kama ni siku kumi na kuendelea, gaweni. Mkigombana kuhusu wapi pa kwenda, huyu anataka kelele, yule anataka utulivu, kila mmoja apate fungate yake.

Yule mtu wangu wa Tabora sasa amekuwa mpwani. Juzi rafiki yake mmoja amekuja kuomba ushauri wa nyumba ya kupanga ufukweni. Mzee hakuuliza bei, hakuuliza vyumba vingapi. Alitoka nje, akatazama juu, akasema:

"Kwanza niambie, mwezi uko ngapi?"

Tukutane wiki ijayo. Raha jipe mwenyewe!