Kusikiliza Sakafu ya Atlantiki

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France namba 447, ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ilianguka katika Bahari ya Atlantiki ikiwa na watu 228. Siku chache baadaye vipande vyepesi vilionekana vikielea. Vinasa taarifa za safari vilikuwa vimezama, na familia zilisubiri karibu miaka miwili bila kujua kilichowapata wapendwa wao.

Eneo la kutafuta lilikuwa duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 74 hivi, kuzunguka mahali ndege ilipojitambulisha kwa mara ya mwisho. Chini yake kuna milima na mabonde yasiyofikiwa na mwanga wa jua. Mawimbi ya rada nayo hayafai kitu pale, kwa kuwa maji ya chumvi huyafyonza upesi. Sauti peke yake ndiyo inayokwenda mbali, tena kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani.

Kila kinasa taarifa kilifungwa kifaa cha kutoa mlio wa kilohezi 37.5, ambao sikio la binadamu haliupati, mara moja kila sekunde kwa siku zisizopungua 30. Meli zilivuta vipokea sauti vya kina kirefu zikapita na kurudi. Hazikusikia kitu.

Baada ya hapo ikabaki sona ya pembeni, ambayo haingoji mlio wa mtu bali hutuma wake. Chombo hupita juu ya sakafu ya bahari, kikipiga mlio kulia na kushoto kisha kikisikiliza mwangwi. Kitu kilichoko mita 600 hurudisha mwangwi baada ya sekunde 0.8, kwa hiyo kazi hii haiharakishwi. Kila mlio huzaa mstari mmoja tu wa picha, na mistari huunganishwa kama mkeka unavyoshonwa, ukili kwa ukili.

Ugumu uko kwenye mlio wenyewe. Ukiwa mfupi, nguvu yake ni ndogo na mwangwi humezwa na kelele za bahari. Ukiwa mrefu, miangwi hupandana: mlio wa milisekunde 10 hutanda mita 15 majini, na vitu viwili vilivyopishana umbali wa chini ya mita 7.5 huonekana kimoja. Wataalamu walilitatua hilo kwa uzuri ambao kila nikiufikiria unanivutia upya. Mlio unabaki mrefu, lakini masafa yake yanapanda tangu mwanzo hadi mwisho. Kompyuta huchukua nakala ya mlio uliotumwa na kuitembeza juu ya sauti iliyopokewa mpaka zilingane barabara. Masafa yakipanda kwa kilohezi 10, mlio uleule sasa hutenganisha vitu vilivyopishana kwa sentimita 7.5. Nguvu haikupotea, na undani umeongezeka mara 100.

Hata pasipo na mwangwi pana habari. Kitu kilichosimama huzuia sauti isifike nyuma yake, na urefu wa kivuli hicho humwezesha mchambuzi kukokotoa kimo chake.

Lakini ukimya wa vile vifaa vya milio ulisomwaje? Maeneo yaliyosikilizwa yalihesabiwa kuwa hayana kitu. Wanahisabati wa kampuni ya Metron ya Marekani, walipokokotoa upya uwezekano wa kila eneo, walizingatia kwamba huenda vifaa vyote viwili vilikufa. Uzito wa uwezekano ukarudi karibu na mahali pa mwisho palipojulikana. Roboti za REMUS 6000 zikatumwa huko, na tarehe 3 Aprili 2011, baada ya wiki moja hivi ya kutafuta, sona ikaonyesha mabaki kwenye kina cha mita 3,900, kilomita 12 hivi tu kutoka mahali hapo. Vinasa taarifa vilipopandishwa mwezi Mei, kimoja hakikuwa na kifaa chake cha mlio. Cha kingine kilipimwa, hakikulia.

Sheria za kimataifa zikabadilishwa. Vifaa hivyo sasa vinatakiwa kulia siku 90, na ndege kubwa zinazovuka bahari kwa masafa marefu hufungwa kifaa cha ziada cha kilohezi 8.8, kwa kuwa maji hayafyonzi sana sauti nzito kama yanavyofyonza sauti nyembamba, na mlio wake husikika kutoka mbali zaidi.