Kabla Hujawasha Siga Pale Uhuru

Tuseme umefika. Umetembea usiku kucha kutoka Kibo, miguu imekufa ganzi, jua linachomoza upande wa Mawenzi, na mbele yako ni lile bango la Uhuru, mita 5,895. Jamaa mmoja wa kundi lenu anafungua zipu ya jaketi na kutoa siga: sigara nene ya majani matupu, haina karatasi, ina urefu wa kiganja kizima na unene wa kidole gumba. Ameibeba siku sita kwa ajili ya dakika hii. Anaiwasha, anavuta, anakupitishia. "Onja, hii ni ya bei kubwa. Unaipa ngapi kwa mia?"

Swali ni zuri, na lina jibu la kisayansi. Hebu tulijibu taratibu. Tukimaliza utaona kwamba pale kileleni ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kulijibu, kwa ulimi wako na hata kwa uhai wako.

Siga si sigara iliyonenepa

Tanzania tunalima tumbaku nyingi, lakini sehemu kubwa ni ya sigara za kawaida. Ukienda Tabora, Urambo au Chunya utakuta mabani, yale majengo ya kukaushia majani kwa joto. Hiyo ndiyo tumbaku ya mvuke. Ikikaushwa haraka namna hiyo, sukari ya kwenye jani inabaki, na moshi wake unakuwa na uchachu kidogo, yaani unaelekea upande wa asidi.

Jani la siga linapita njia nyingine. Linaning'inizwa kivulini likauke kwa hewa tu, wiki kadhaa, na sukari karibu yote inaisha. Kisha majani yanarundikwa na kuvundikwa, karibu kama unavyovundika ndizi za mbege. Ndani ya rundo joto linapanda lenyewe, amonia inatoka, ukali unapungua, na harufu mpya zinazaliwa. Baadaye fundi anakunja: majani ya ndani yanayoleta ladha, jani la kufungia linaloyashika, na jani la nje, laini na la gharama kuliko yote.

Matokeo yake, moshi wa siga unaelekea upande wa alkali. Hapa ndipo penye siri. Nikotini ikiwa kwenye alkali inapenya ngozi laini ya mdomo bila shida. Ndiyo maana mvuta siga hahitaji kushusha moshi mapafuni, wakati mvuta sigara anahitaji.

Kama hili linakushangaza, nenda sokoni pale Moshi ukaangalie ugoro. Ni unga wa tumbaku uliochanganywa na magadi. Magadi ni alkali. Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini walijua kwamba bila magadi ugoro haupandi. Ni kemia ileile iliyomo kwenye siga ya jamaa yako.

Sasa kiasi. Sigara moja ya kawaida ina nikotini kama miligramu 8 kwenye tumbaku yake. Siga kubwa mara nyingi ina miligramu 100 hadi 200, na nyingine zinazidi hapo. Siga moja inaweza kubeba tumbaku ya pakiti nzima ya sigara, na inavutwa kwa saa moja hadi mbili. Sio nikotini yote inaingia mwilini, lakini inayoingia inatosha kumlaza mtu asiyezoea.

Namna ya kuipa alama

Watu wanaopima siga kwa makini wanafanya kazi inayofanana sana na ya waonja kahawa wa Moshi. Pale mjini, kahawa haipati sifa kwa sababu mtu kaipenda tu. Inaonjwa kwa utaratibu, vikombe kadhaa vya aina moja, na inapewa alama kwa mia. Muonjaji anavuta kijiko kwa kishindo, "sruuup!", ili kahawa itawanyike mdomoni na harufu ipande puani kwa njia ya nyuma ya koo.

Ulimi wenyewe unajua mambo machache: utamu, uchungu, chumvi, uchachu na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Mengine yote unayoyaita ladha (kakao, ngozi, mbao, pilipili manga, udongo baada ya mvua) ni kazi ya pua. Mpima siga anajua hilo, kwa hiyo moshi kidogo anautoa kwa kupitia puani, taratibu, bila kuuvuta mapafuni.

Hatua zake ni hizi. Kwanza anaangalia na kubonyeza: siga isiwe na sehemu ngumu wala bonde. Anakata kofia ya upande wa mdomoni na kuvuta ikiwa haijawashwa, aone kama hewa inapita. Anawasha bila kugusisha moto kwenye jani. Anavuta pafu moja kwa dakika, kwa sababu ukiharakisha, kaa la mbele linapata joto kupita kiasi na ladha inageuka chungu. Anatazama moto unavyokwenda, kama unakula sawasawa pande zote. Anatazama majivu, ambayo ni madini ya udongo yaliyopandishwa na mmea: kalisi, potasiamu, magnesiamu. Na anaandika mara tatu, kwa theluthi, kwa kuwa siga inabadilika njiani. Theluthi ya mwisho huwa kali, maana nikotini na lami ya mwanzo vimekuwa vikiganda kwenye tumbaku iliyobaki.

Jarida la Cigar Aficionado la Marekani, lililoanza 1992, linagawa alama zake 100 kwenye mafungu manne: umbo na ufundi, ladha, namna inavyovutika, na hisia ya jumla. Waonjaji hawaoni lebo. Hilo ni muhimu, kwa sababu ukishajua bei, pua yako inaanza kudanganya.

Kwa nini kileleni alama zako hazifai

Turudi juu sasa. Kuna kosa moja tunalosikia kila mara: "kule juu oksijeni ni kidogo, labda asilimia kumi." Hapana. Hewa ya Uhuru ina oksijeni asilimia 21, sawa na ya Moshi mjini, sawa na ya Tanga. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kileleni umebaki karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi unayovuta ina karibu nusu ya oksijeni.

Moto nao unapumua. Kaa la siga likipata oksijeni chache linaungua polepole na kuzimika hovyo. Utawasha, utazima, utawasha tena, na kila ukiwasha upya ladha inazidi kuwa ya masizi. Kiberiti cha gesi chenyewe kwenye baridi ile mara nyingi kinagoma.

Jani nalo limeteseka. Siga inatakiwa kukaa kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Siku sita kwenye begi, kwenye hewa kavu ya juu ya Horombo, jani la nje linakakamaa na kupasuka.

Na pua yako? Imekauka, imeganda, inatiririka. Umewahi kuona chakula cha kwenye ndege hakina ladha? Ndani ya ndege hewa ni kavu, na mgandamizo ni kama wa mita 2,400 hivi, chini kidogo ya Mandara. Wewe uko zaidi ya mara mbili ya hapo, na hujalala. Alama utakayoitoa ni ya furaha yako ya kufika. Siga yenyewe hujaionja.

Hesabu ambayo kidole hakikuambii

Hii ndiyo sehemu tunayotaka uikumbuke hata ukisahau nyingine zote.

Tumbaku inayofukuta inatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Ikiingia kwenye damu inashika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni, na haiachii upesi: hata ukiwa usawa wa bahari, kupunguza nusu yake kunachukua saa kadhaa. Asiyevuta ana himoglobini iliyoshikwa namna hiyo chini ya asilimia 2 hivi. Mvutaji wa kila siku anaweza kuwa na 3 hadi 8, au zaidi. Utasema siga haishushwi mapafuni. Sawa, lakini kileleni unahema kama mbwa aliyekimbizwa. Nani atakayezuia moshi mdomoni akiwa anatweta hivyo?

Kila jioni kambini kiongozi wako anakubana kidole na oksimita. Kifaa kile kinapitisha mwanga wa aina mbili kwenye kidole na kutazama rangi ya damu. Tatizo ni kwamba himoglobini iliyobeba kaboni monoksaidi inaonekana kwake karibu sawa na iliyobeba oksijeni. Tuseme damu yako kweli ina oksijeni asilimia 75, na nyingine 8 zimeshikwa na kaboni monoksaidi. Kifaa kinaweza kusoma 83 hivi. Kiongozi anaona 83, anakwambia "uko vizuri, twende." Kumbe hauko vizuri.

Sasa ongeza dalili. Kichwa kinauma, kichefuchefu, kizunguzungu, unyonge. Huo ni ugonjwa wa mwinuko. Pia ni kaboni monoksaidi. Pia ni kulewa nikotini. Vyote vitatu vinavaa nguo moja, na mlimani uamuzi wa kushuka unategemea kuvitofautisha mapema, kabla ubongo au mapafu hayajaanza kujaa maji. Ukivuta siga pale, umemfunga kiongozi wako kitambaa machoni.

Na tusimsahau mgumu, yule mpagazi aliyekubebea kilo zako 20. Mgeni hupanda mara moja maishani, yeye anapanda na kushuka msimu mzima. Ukimpa kipande cha siga kama zawadi, unampa mwili unaofanya kazi nzito kuliko wako mzigo mwingine usioonekana. Hesabu hiyohiyo inahusu jiko la mkaa ndani ya hema usiku: gesi ni ileile, na usingizini hakuna wa kukuuliza unajisikiaje.

Jambo la mwisho la mlimani ni kishungi. Vichaka vikavu vilivyo juu ya msitu vinashika moto upesi. Oktoba 2020 na tena Oktoba 2022 mlima uliungua kwa siku kadhaa, na mamia ya watu walipanda kuuzima. Kaa la siga unaloliona limekufa linaweza kufukuta muda mrefu kwenye nyasi kavu.

Basi ufanyeje?

Hatutakudanganya kwamba chini ni salama. Siga inaleta saratani ya mdomo, ya koo na ya umio, hata kwa asiyeshusha moshi. Kutoianza kabisa ndiyo bei nafuu kuliko zote.

Lakini kama jamaa yako ameshaamua, mwambie hivi: piga nayo picha pale Uhuru ikiwa haijawashwa, kisha irudi nayo chini. Apumzike siku mbili, pua ifunguke, aketi nje mahali penye hewa, mbali na watoto, Kibo ikijitokeza mawinguni jioni. Avue lebo, achukue karatasi, aandike theluthi kwa theluthi. Hapo akikuuliza inastahili ngapi kwa mia, angalau utakuwa na pua ya kujibia. Mji wenyewe, baada ya yote, unaitwa Moshi.